Kunja Kona Kwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ndugu Msajili, walimu, wageni waalikwa, wanafunzi mlioketi vitini na ninyi mlioketi madirishani, na wewe Mwalimu, mwenye siku yako hii ya kuagwa: nawasalimu nyote kwa heshima.

Ratiba mliyogawiwa inasema ninazungumza kwa niaba ya wanafunzi wa zamani wa chuo hiki. Ratiba hiyo nimeitoa nakala mwenyewe, katika kibanda cha fotokopi hapo nje ya geti, na nilipoufikia mstari huo nilisimamisha mashine nikampigia Mwalimu simu. "Mwalimu, hapa pana kosa. Mimi sijawahi kusajiliwa kwenu." Akanijibu, "Wewe toa nakala. Kusahihisha ni kazi yangu." Basi nimekuja. Lakini kosa lile naomba nilieleze, kwa kuwa sifa yote ninayotaka kumpa imo ndani yake.

Nilisoma ng'ambo ya barabara, chuo cha binafsi chenye feni kila darasa. Alama moja tu ndiyo iliyoninyima nafasi hapa. Mwalimu alikuwa akifundisha upimaji wa ardhi pande zote mbili: asubuhi hapa, wanafunzi mia mbili; mchana kule, wanafunzi kumi na wanane. Somo lile lile, chaki za mfuko mmoja. Na zoezi lake la kwanza kila mwaka lilikuwa kuipima barabara inayotutenganisha. Mwanafunzi wa huku ashike ncha moja ya tepu, wa kule ashike nyingine, na askari wa getini asimamishe magari.

Siku yangu, ncha ya huku ilishikwa na binti ambaye baadaye tulimwita Dirisha. Akanipigia kelele, "Wewe wa feni, vuta! Au kuvuta nako mnalipia?"

"Na wewe wa bure, simama wima!"

"Bure? Njoo uone! Wiki ya tatu hii nakaa dirishani, mgongo wote una chapa ya nondo."

Tulipata mita kumi na nne na sentimita ishirini. Kisha Mwalimu akauliza swali lisilokuwamo kwenye mtaala: ikiwa ada ya muhula mmoja kule ingemsomesha mtu hapa miaka miwili, mita hizi kumi na nne zimejengwa kwa kitu gani? Akatuambia tusitafute mwizi. Hapa, alisema, sehemu kubwa ya gharama imekwisha kulipwa na umma kabla hujafika getini. Kule, paa, feni na hata saa zake yeye za kufundisha zinalipwa na wale kumi na wanane peke yao. "Anayelipa zaidi hajanunua akili zaidi," alisema. "Amekosa tu watu wa kuchangiana naye."

Nikamfikiria mama yangu, mshona mashuka wa hospitali, anayelipa kodi katika kila kilo ya sukari. Kumbe alikuwa akichangia upande huu na kulipa ada upande ule.

Alinilipia miaka miwili. Mwaka wa tatu ada ikapanda. Mama akanitazama, akasema, "Mwanangu, ada ina mbio, na cherehani yangu ina mguu mmoja." Tukacheka. Halafu akageukia ukutani, akawa anautafuta uzi uliokuwa mkononi mwake.

Niliacha chuo, nikaajiriwa kwenye fotokopi. Je, mmewahi kutamani mlango mnaouona kila siku? Niliwasikia mkicheka humu ndani, kicheko cha watu mia mbili kwa mpigo, nami nje nimeshika karatasi zenye joto, najiuliza Mwalimu amesema nini.

Asubuhi moja Dirisha alileta noti zake. Akasubiri. "Dada, unatoa nakala au unasoma?" Nilikuwa nimekwama ukurasa wa sita. Akaniambia, "Twende. Nusu ya dirisha langu ni yako."

Nilikaa nusu ile, kwa upande wa nje, mwaka mzima. Mwenye kibanda aliniruhusu kufungua baada ya kipindi. Mwalimu aliniona siku ya kwanza. Alisema tu, "Huyo wa dirishani, nusu ya pili, tusomee kipimo."

Ukafika mtihani. Wote mnaijua amri yake: "Kunja kona!" Jina lako na chuo chako vinafunikwa, pini inapigwa, karatasi za pande mbili zinachanganywa, wala hazikunjuliwi mpaka ya mwisho isahihishwe. Nami niliufanyia pale pale dirishani, na karatasi yangu ikachanganywa humo humo. Baadaye akanirudishia. "Sina pa kuiandika alama hii," alisema. "Itunze wewe."

Ninayo hapa. Nilikuwa wa tano kati ya mia mbili kumi na tisa. Ndugu Msajili atasema walikuwa mia mbili kumi na wanane, na kwa daftari lake yuko sahihi.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, maombi yangu ya kuingia mwaka wa tatu yako mezani kwako tangu mwezi wa tatu. Sikuja kuyasemea. Leo si siku yangu, na si adabu mtu kugeuza kuaga kukawa kubisha hodi. Lakini mkono uliokuwa ukizichanganya karatasi zetu unaondoka, nami nahofia desturi yake isije ikaondoka nao. Basi zawadi ya kumuagia naomba iwe hii: siku utakapoifungua bahasha yangu, au ya mwingine yeyote wa ng'ambo ile, kunja kona kwanza. Soma. Ukishamaliza, ndipo ukunjue.

Mwalimu, leo ni mara yangu ya kwanza kuingia ukumbi huu kwa mlango. Nakushukuru.

Nanyi nyote mlionisikiliza mpaka mwisho, asanteni sana.