Mzee Nukta na Gari la Mkwe

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Nukta, alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Juni 1946, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu. Fundi huyo ndiye aliyekuwa baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, na siku aliposema alianza kwa kumsahihisha kaka yake.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1954, ng'ambo ya reli. Akiwa darasa la tatu, mwalimu mkuu alibandika mlangoni tangazo lililosema: "Wazazi wote wafike Ijumaa kulia ada." Marehemu alichukua chaki, akapachika herufi P iliyokosekana, wazazi wakawa wanakuja kulipa badala ya kulia. Alichapwa viboko viwili kwa kugusa tangazo la mwalimu mkuu. Wiki iliyofuata aliitwa ofisini, akaenda akijua anakwenda kupokea cha tatu. Akakabidhiwa matangazo yote ya muhula ayapitie kabla hayajabandikwa. Alimaliza sekondari mwaka 1965.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, akawa msahihishaji wa chapa kwa miaka thelathini na minane, kwenye meza ile ile chini ya dirisha, kalamu nyekundu sikioni. Hapo ndipo alipopewa jina la Nukta. Nukta iliyokosekana ukurasani aliiona kama wengine tunavyoona jino lililong'oka. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa tu hawezi kupita.

Na kosa la chapa ndilo lililompa mke. Mwaka 1973 karani mmoja wa ofisi ya usajili wa ndoa alitumwa kuchukua vyeti elfu nne vilivyokwisha chapwa. Marehemu alimsimamisha mlangoni.

"Dada, hivi havitoki."

"Havitoki vipi? Bosi ananisubiri."

"Soma hapo juu."

Karani akasoma: Cheti cha Ndoo.

"Ukivipeleka hivi," marehemu akasema, uso mkavu, "mtafungisha watu ndoo."

Karani alicheka mpaka akakalia boksi la karatasi. Vyeti vilichapwa upya, na yeye alivifuata mara tatu ingawa vilikuwa tayari mara ya kwanza. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 3 Agosti 1974. Cheti chao bwana harusi alikisoma mara mbili kabla ya kutia saini, watu wamesimama wanamsubiri.

Siku hiyo hiyo ndipo gari lilipoingia katika maisha yake. Baba mkwe alikuwa bwana mifugo mstaafu, mrefu, wa maneno machache, na alikuwa na stesheni wagoni ya mwaka 1962, lile gari refu la familia ambalo buti lake ni kama chumba cha kupanga. Humo alikuwa amebeba ndama, madumu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na watoto wake sita. Mbele ya wageni wote alimkabidhi bwana harusi ufunguo.

"Nakupa wawili," alisema. "Binti anajua kujitunza. Gari halijui. Siku nikisikia umeliuza, nakuja kumchukua binti."

Wageni walivunjika mbavu. Mzee mwenyewe hakucheka, na marehemu aliliona hilo.

Wakati huo marehemu hakujua kuendesha hata toroli. Mtihani wa udereva aliufaulu mara ya nne. Mara ya kwanza aliangushwa kwa sababu alisimama katikati ya barabara ili asome vizuri kibao kilichoandikwa "Punguza Mwedo".

Majirani waliliita gari lile Mkwe, kwa kuwa lilitoka ukweni na lilitaka heshima. "Mkwe kagoma!" mtu angeita, na wanaume wangetoka majumbani wakikunja mikono ya mashati kwenda kusukuma. Ukikata kona ya kushoto, honi ililia yenyewe. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu, hivyo kila safari ilibidi mtu mmoja wa familia apakiwe kama mzigo ili akawafungulie wengine. Kutu iliila sakafu hata mwaka 1980 kiatu cha binti yake mkubwa, huyu anayesoma maneno haya, kikadondoka barabarani gari likiwa mwendoni. Marehemu alikisoma kitabu cha maelekezo ya gari chote, jalada hadi jalada, akakuta makosa sitini na matatu, akawaandikia watengenezaji. Jibu lilikuja baada ya miaka miwili. Walimshukuru sana, na wakamjulisha kwamba gari hilo walishaacha kulitengeneza.

Mwaka 1981 alimpata makanika ambaye sote tunamjua kwa jina la Fundi Kesho.

"Gari litakuwa tayari lini, fundi?"

"Kesho, mzee."

"Kesho ya tarehe ngapi?"

"Kesho hii hii, mzee wangu, we njoo tu."

Siku moja marehemu alikwenda kwake amefura, akamtaka aiweke ahadi hiyo kwenye maandishi. Fundi akaandika: "Kehso." Marehemu akachomoa kalamu nyekundu, akasahihisha, akamwonyesha herufi zinavyotakiwa kukaa, akamrudishia karatasi, na akaondoka roho kwatu. Alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba alikwenda kugombana.

Baba mkwe alikuja kukagua kila Desemba. Hakuanza na salamu, alianza na boneti. Desemba ya 1983 injini ilikuwa kwa fundi, imefunguliwa vipande vipande, na uani lilibaki ganda tupu. Mke wa marehemu alijaribu kumpitisha baba yake moja kwa moja sebuleni.

"Baba, karibu chai kwanza, umechoka na safari."

"Chai haina miguu," mzee akajibu, akaenda uani, akainua boneti.

Mahali pa injini palikuwa na kuku ameatamia. Mzee akamtazama kuku. Kuku akamtazama mzee.

"Mkwe wangu," mzee akasema hatimaye, "kumbe injini za siku hizi zinatotoa."

Marehemu alisimama pale akihesabu moyoni nguo za mkewe zitajaa masanduku mangapi. Alifungua kinywa ajieleze, mzee akamwinulia kiganja.

"Nakupa mwaka mmoja. Na huyu kuku msimguse, amebakiza siku chache."

Mwaka uliofuata gari liliwaka. Liliwaka kwa kusukumwa na watu saba, lakini liliwaka, na mzee akakubali kunywa chai.

Baba mkwe alifariki mwaka 1991. Tangu hapo hakuwapo tena wa kuja kumchukua binti, na watu walimshauri marehemu aliuze. Kaka yake alimwambia bila kuficha, "Mdogo wangu, hilo si gari, hilo ni kifungo." Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alipostaafu mwaka 2005 ndiyo kwanza akalivua lote, milango, viti, vioo, akaanza kulifufua upya. Kila Jumamosi, baada ya chai, aliingia chini yake na spana na kibati cha grisi. Mkewe alishona upya vitambaa vya viti, akapiga msasa vitasa, akafua matambara yasiyofulika. Kabureta ilitafutwa miaka mitatu. Ilipopatikana ikafungwa, na siku ya pili mpira wa radieta ukapasuka. Ulipobadilishwa mpira, klachi nayo ikakumbuka umri wake.

Mwezi Machi 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alilazwa wodini, na daktari alimweleza kwamba vali ya moyo inavuja.

"Spea zipo?" marehemu akauliza.

"Zipo, mzee, lakini kwa umri wako hatupendi kufungua injini. Tutaendesha polepole."

Alimpenda sana daktari yule.

Ilikuwa katika wodi hiyo, saa ya kuona wagonjwa, ambapo yalitokea mambo ambayo familia iliyajua baadaye kwa kinywa cha mama mwenyewe. Marehemu alimshika mkono mkewe akamwambia, "Mama watoto, nikitangulia, gari usiliuze kwa haraka. Nimelitunza miaka yote hii kwa ajili yako."

Mkewe akauliza, "Kwa ajili yangu?"

"Si kumbukumbu ya baba yako?"

"Baba watoto, mimi gari lile nimelichukia tangu nina miaka kumi. Nilikuwa natapika humo kila safari, na ndama pembeni. Nilipokubali kuolewa nilijua nimeachana nalo. Halafu baba akalitoa zawadi!"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Kila Jumamosi nakuona umelala chini yake unaimba. Nikasema, mume wangu kapenda chuma. Wenzangu waume zao wanapenda mengine."

"Nilikuwa siimbi," marehemu akasema. "Nilikuwa nataja majina ya nati kwa sauti nisije nikatukana, wajukuu wako karibu."

Walitazamana. Karibu miaka arobaini na saba. Kisha wakaanza kucheka, na walicheka hivi kwamba muuguzi alikuja mbio akidhani mgonjwa amezidiwa, na jirani wa kitanda cha pili akaomba naye aambiwe.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani walikubaliana liuzwe, na wote wawili walionekana wamepata afueni. Mnunuzi alipatikana, mpiga picha za harusi aliyetaka kulipamba na kubebea maharusi. Siku aliyofika, gari liliwaka kwa ufunguo mara ya kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Ona shetani hili," mama akanong'ona, "leo ndiyo limejua kutii."

Mpiga picha alifurahi mno, akanyoosha mkono apokee ufunguo. Mama akasema, "Ila ukikata kushoto, honi italia. Usishtuke."

"Na mlango wa nyuma," marehemu akadakia kutoka kwenye kiti chake, "mpakie mtu."

"Asubuhi za baridi liachie dakika kumi, halipendi kuharakishwa."

"Gia ya pili ivute huku unaisukuma."

"Kioo cha dereva usikishushe chote, kitazama mlangoni."

"Na likizima mlimani, usikanyage mafuta. Tulia, vuta pumzi, litarudi lenyewe."

Waliendelea hivyo, huyu akiacha yule anapokea, kwa muda wa saa nzima na robo, bila hila yoyote. Mpiga picha aliandika ukurasa wa kwanza, akaandika wa pili, na katikati ya ukurasa wa tatu akafunga daftari.

"Wazee wangu," akasema kwa heshima, "hili si gari, huyu ni mgonjwa. Mmemuuguza vizuri. Endeleeni."

Akaaga, akaenda zake. Wao wakabaki uani.

"Tulikuwa tunamweleza ukweli tu," mama akasema.

"Ukweli mtupu," marehemu akasema.

Jumamosi iliyofuata marehemu hakuweza tena kuingia chini ya gari. Mama alivaa ovaroli lake, akalala chali juu ya boksi, na yeye akakaa kwenye kigoda na tochi, akimsomea hatua kutoka kitabu cha maelekezo kilichosahihishwa. Mama hakutaja majina ya nati. Alitukana, na majirani wanaweza kushuhudia. Kwa miaka miwili walifanya kazi hivyo, Fundi Kesho akija kuwasaidia mambo mazito, na tarehe 18 Novemba 2023 gari lilitoka nje ya geti, bodi imepakwa rangi ya maziwa, sakafu nzima, honi kimya. Binti mkubwa aliendesha, wazee wakakaa nyuma. Walikwenda hadi kwenye jengo la zamani la uchapaji na kurudi, kilomita kumi na moja, bila kusukumwa hata mara moja. Mama alitapika wakati wa kurudi, na alisema amefurahi.

Mwezi Aprili 2024 hali ya marehemu ilibadilika. Alijua, na akaomba aandikiwe rasimu ya wasifu wake aipitie. Aliirudisha na makosa tisa. Palipoandikwa "alikuwa mtu mwenye subira" alikata mstari akaandika, "hakuwa na njia nyingine." Na pembeni, kwa herufi ndogo nzuri, aliacha agizo ambalo familia imelitii leo: "Msinibebe kwa hilo gari. Siku hiyo nataka kufika."

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba, kaka mmoja, na rafiki na fundi wake wa miaka arobaini na mitatu. Ameacha pia gari. Jana wanawe walimuuliza mama yao kama sasa atapenda liuzwe. Alisema hapana. Walipomuuliza sababu, akasema: "Niacheni. Nimelichukia pamoja naye kwa muda mrefu. Sasa nataka nilichukie peke yangu."

Mwenyezi Mungu ampokee mpendwa wetu, na ampumzishe mahali pasipoota kutu.