Tyubu Nyembamba ya Lokorio

Asubuhi ya Madaraka, mwaka wa themanini na moja, benchi letu la kahawa hapa Isiolo halikuwa na nafasi. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa mbele yetu, gurudumu la nyuma limefunguliwa, na mimi nilikuwa sikai wala sisimami kwa furaha. Saa nne Lokorio wetu angeshindana hadi Archers, na mshindi angechukuliwa timu ya mkoa inayokwenda Nairobi. Shida ni kwamba njia ile ni miiba mitupu, na tairi za resi ni nyembamba mno. Pancha moja, na Nairobi ataisikia redioni tu kama sisi.

Lokorio alikuwa amepata tyubu mpya, saizi yake kabisa. Mzee Huka, tunayemwita Jaji kwa sababu hukata kesi zote bila kuulizwa, aliikataa. Akatoa ile ya baiskeli yake ya mizigo, nene, viraka vitupu.

— Hii imeona mengi. Na kuishi kwingi ni kuona mengi.

— Mzee, hiyo ni pana, Lokorio akalalamika. Itajikunja ndani ya tairi, ijikate yenyewe.

— Kiraka juu ya kiraka, mwiba utapita wapi? Haba na haba hujaza kibaba.

Hapo ndipo Mahamud, dereva wa lori, ambaye kwetu ni Gia Nne, akaweka kikombe chini.

— Weka hiyo mpya, lakini ndani tia maziwa ya ngamia. Mwiba ukitoboa, maziwa yanakimbilia tundu, yanaganda, kijana anaendelea kukanyaga.

— Kwa nini si maji? nikauliza.

— Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ndio maana mimi natumia maziwa. Na si yale fresh. Susa, yale yamechacha, ndio mazito.

Akaapa kwamba aliwahi kufika Sericho na kurudi kwa tairi zilizojaa susa. Jaji hapendi kushindwa, kwa hivyo akadai susa bila gundi ya mgunga ni kazi bure. Nami, Mungu anisamehe, nikaona wote wawili wana akili sana.

— Basi tujaze kabisa, Jaji akasema. Akiba haiozi.

Tukatoa vali, tukaisukumia tyubu mpya susa yenye gundi kwa bomba la kudungia ng'ombe sindano, tukapiga pampu hadi tairi ikawa ngumu kama jiwe. Lokorio akaenda kwenye mstari. Firimbi ikalia, na alipopita mbele ya benchi alikuwa wa kwanza. Jaji alinikumbatia, kahawa yote ikamwagikia kanzu yangu, wala sikujali.

Qabale, muuza maziwa, akatukuta bado tunacheza. Akatusalimia, akauliza kuna nini. Gia Nne akamweleza ujuzi wake kwa fahari.

— Mimi nikitoka Kulamawe na susa, jua likiwaka nafungua kifuniko kila mara, ipumue, akasema Qabale. Nikisahau, mtungi unavimba mpaka unapasuka. Sasa Lokorio atafungua wapi?

Jaji alimtazama Gia Nne. Jua lilikuwa limeshapanda, na vumbi la baiskeli lilikuwa limepotea upande wa Archers. Gia Nne alikuwa tayari anakimbilia lori.