Kinga Iliyokatwa kwa Koleo

Ndugu waombolezaji, mimi ni Lavinia, mtoto wa dada yake marehemu, na kwa desturi yetu Watonga mtoto wa dada huketi kichwani pa maiti, akasema analotaka wala asikatazwe na mtu, kwa hiyo leo nitasema.

Mjomba wetu Kelepi Fakatava alizaliwa Neiafu tarehe 14 Machi 1961, akalelewa hapa kisiwani, akaenda Auckland kusomea ufundi wa umeme, akahitimu mwaka 1983, akarudi, na mwaka 1986 akafunga ndoa na Meleane, wakajaliwa watoto wawili, Sitani na Lupe.

Mwaka 2013 aliifungia zahanati yetu umeme wa jua. Ndani ya mashine inayougeuza umeme ule mna transista, vipande vidogo vinavyoongoza umeme, ambazo radi ikipiga karibu na umeme ukafura, hufa kabla hujapepesa jicho, basi mbele yake aliweka kinga, kidude cha buluu kinachomeza umeme uliozidi, nacho kikimeza kupita kiasi hufa na kuizima mashine yote. Mjomba alimwambia kila fundi, "Kikifa kimekufa kwa ajili yako, bwana, weka kingine, usikikate tu ili mashine iwake."

Alistaafu mwaka 2019. Novemba 2020 radi ilipiga, kinga ikafa, mashine ikazima, na Saia, fundi mkuu, yule aliyeketi karibu na mlango, akaikata kinga hiyo kwa koleo bila kuweka nyingine, mashine ikawaka, mkamchinjia nguruwe. Mjomba alipoonya, Saia alimjibu mbele yenu, "Mzee, kula nyama, mashine si inawaka?" Nanyi mkacheka.

Januari 2021 mjomba aliugua mapafu, akalazwa kwenye mashine ya oksijeni. Tarehe 9 Februari jioni radi ikapiga tena, hapakuwa na cha kuimeza, transista zikapasuka, oksijeni ikakatika, akafa mkono wake ukiwa mkononi mwa Meleane. Nimesikia mkisema ni mapenzi ya Mungu. Mwacheni Mungu, hakushika koleo.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliompulizia pumzi kwa mikono yao mpaka wakaishiwa nguvu, majirani walioleta viazi vikuu na mikeka, na mafundi wenzake, hata hao. Lakini juzi wameweka transista mpya bila kinga, na sasa hivi mjukuu wa mchungaji anapumulia mashine ileile, na mawingu mnayaona.

Nina hasira, sifichi. Saia, inuka ukaifunge kinga, jeneza hili halifunikwi mpaka urudi.

Mjomba, pumzika kwa amani, sisi tunamngoja Saia.