Mwalimu Kaveke na Raha ya Kusoma Polepole

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiswahili, Mwalimu Kaveke Musyimi anastaafu tarehe 30 Juni. Alianzia Zombe, akapitia Mwingi, kisha akaja shuleni kwetu huku milimani, karibu na Kikima. Tangu siku hiyo chumba cha walimu hakijawahi kupoa.

Alipofika alikuwa msomaji wa kasi, tena mwenye kujisifu. Gazeti zima alilimaliza kabla chai haijapoa. Ndiyo maana kanisani walimpa kazi ya kusoma matangazo. Jumapili moja akaruka mstari, akatangaza kwamba binti mmoja, Muthoki, ataolewa na Mzee Kivuva. Kumbe Kivuva, mzee wa kanisa, alikuwa msimamizi tu wa harusi, naye alikuwa ameketi mbele kabisa na mke wake, Mama Mbula. Mama Mbula akasimama, akavua miwani, akauliza, "Kivuva, ni wewe ama kuna mwingine?" Mchungaji alicheka hadi akashindwa kuomba.

Kaveke alipokwenda kuomba msamaha, Mama Mbula alimkaribisha uji na kumwambia, "Mwalimu, unasoma kama mtu anafukuzwa na nyuki." Neno hilo lilimwingia. Alijiuliza ni vitabu vingapi amevimaliza bila kubaki na chochote.

Basi akakigawa Kidato cha Pili makundi mawili, wote wakapewa hadithi moja. Upande mmoja ulisoma mbio. Mwingine ulisoma polepole, ukisimama na kubishana. Siku ile ile walipoulizwa maswali, majibu yao yalilingana, na wenye mbio wakapiga makofi. Baada ya likizo, wenye mbio walikumbuka tu kichwa cha hadithi na kwamba kulikuwa na ng'ombe. Wa polepole walikuwa bado wanagombana iwapo mama wa hadithi hiyo alifanya haki kumuuza ng'ombe huyo.

Bwana Thuo, naibu mwalimu mkuu, hakufurahi kuona madarasa ya Kaveke yakisoma polepole. Silabasi ingekwisha lini? Aliapa kwamba matokeo yakipanda, atacheza densi mbele ya shule. Yalipanda. Alicheza, akapasua suruali, na hadi leo yeye ndiye mtetezi mkubwa wa kusoma polepole.

Hata hivyo, Kaveke hakuizika kasi. Huwaambia wanafunzi, "Ukitafuta kitu, kimbia. Ukitaka kikae na wewe, tembea."

Ijumaa iliyopita alifundisha kipindi chake cha mwisho. Kengele ya chakula ililia, harufu ya muthokoi wa mahindi na maharagwe ikaingia dirishani, na Kidato cha Nne kizima kikabaki kimeketi. Walikuwa wamebakiza ukurasa mmoja, na hakuna aliyetaka uishe.

Mwalimu Kaveke, asante kwa kutupunguzia mbio. Tunakuombea afya, mvua shambani, na siku ndefu zenye raha tele. Nenda salama, mwalimu wetu.