Dawa ya Asubuhi, Kahawa ya Jioni

Benchi letu liko Kumsenga, ubavuni mwa mashine ya kusaga, pale njia inapogawanyika, moja ikishuka bondeni kwenye maharage na nyingine ikielekea Kibondo mjini. Mimi Mudathiri ndiye mwenye jiko, birika na vikombe. Asili yangu ni Ujiji, nimeoa huku, na baridi ya huku nimeizoea, ila watu wake bado wananishinda. Kila jioni wanakuja walewale. Niyubahwe tunamwita Raia, maana alizaliwa ng'ambo, Burundi, na tangu apate uraia hakuna habari anayoianza asiimalizie kwenye kitambulisho chake. Brighton, fundi simu, ni Injinia. Majaliwa alistaafu ukarani wa mahakama huko Tabora akaja kulima huku kwa mkewe. Mshahara wa hakimu hakuwahi kuupata, lakini sauti ya hakimu aliondoka nayo, basi tukampa na cheo. Wa nne ni Anatoli, mfuga nyuki, ambaye hana jina la utani kwa sababu ukimtania anatabasamu tu na utani unakufa hapohapo. Jioni hiyo Anatoli alikuja na kopo la maziwa ya unga, akalifunua, akalimwaga katikati ya benchi. Zilikuwa maiti za nyuki, kiganja kizima.

Raia: Yoo, inzuki! Wamekufa wote hawa?

Anatoli: Hao ni wa leo. Mizinga sita, imebaki miwili yenye sauti.

Injinia: Mbona wametoa ulimi nje?

Nikainama kuangalia. Kweli bwana, kila mmoja kautoa ulimi, mwembamba kama uzi.

Anatoli: Wanaangukia mlangoni mwa mzinga. Wanazunguka chini kama walevi, wanatetemeka, halafu basi. Mwisho wa mwezi shemeji yangu wa Munanila anakuja na gari. Hii miwili naipeleka kwake.

Mimi: Na wewe?

Anatoli: Nyuki hawapelekwi wakaachwa. Nitakwenda nao.

Neno hilo liliniuma. Tangu tumzike mkewe Maximilla, siku ya Anatoli ina vitu viwili tu, asubuhi mizinga na jioni benchi. Nikamjazia kikombe hata hajaomba. Wengine nao waliumia, lakini watu wa benchi wakiumia hawalii, wanabishana.

Hakimu: Kimya! Kesi ya nyuki inaanza. Nani ana ushahidi?

Injinia: Mimi hapa. Ni mnara wa simu.

Raia: Ee, tumeanza.

Injinia: Sikiliza mzee wangu. Nyuki ana antena ngapi kichwani? Mbili. Unadhani ni urembo? Mnara mpya umewashwa, nyuki anatoka kwake fresh, akirudi mtandao unasoma wa Burundi. Anaingia romingi. Anazunguka, anazunguka, chaji inakata.

Raia: Na ulimi?

Injinia: Anatafuta mtandao.

Raia: Oya, sha, hapana rafiki yangu. Nyuki hawakupotea. Wamerudi kwao. Hamuoni wakimbizi wa kambi ya Nduta wanavyopanda mabasi kurudi Burundi? Hawa inzuki tulikuja nao sisi, wamesikia kwao kumetulia, wamejiandikisha.

Hakimu: Shahidi ajibu. Hawa waliolala hapa ni akina nani?

Raia: Hawa walichelewa basi.

Injinia: Na wewe mbona hukupanda?

Raia: Mimi? Mimi nina kitambulisho!

Injinia: Hatujakiona.

Akakitoa. Tulikwisha kukiona mara zisizo na idadi, lakini kilizunguka mkono kwa mkono, Hakimu akakigeuza na nyuma, akakirudisha kwa heshima zote.

Hakimu: Mahakama imeridhika na kitambulisho, ila sio na ushahidi. Ukweli ni huu: nyuki wamegoma. Kiumbe anafanya kazi bila likizo, bila posho ya mazingira magumu, halafu asali inakombwa na Anatoli. Ungekuwa wewe ungevumilia? Huu ni mgomo wa kutokula, na huo ulimi nje ni dharau kwa mwajiri.

Mimi: Wanafikia kufa kwa dharau?

Hakimu: Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Anatoli, kafue hilo koti.

Mimi: Koti limeingiaje?

Hakimu: Methali haihojiwi.

Anatoli akaliangalia koti lake, akatabasamu, akanywa kahawa.

Raia: Ila kuna jambo. Hata kuku wangu wawili walizunguka hivihivi juzi. Walikuwa wanadonoadonoa kwenye nyanya, mara kichwa upande, mara miguu juu.

Injinia: Kuku nao wana antena?

Raia: Wale walirogwa. Na aliyewaroga namjua, hata leo asubuhi amenisalimia.

Injinia: Basi mnara unakula mpaka watu. Jana natoka shambani kichwa kinagonga, macho yanatoa machozi, mikono inatetemeka. Nimefungua simu ya mteja, skrubu nimeshindwa kuishika. Nikanywa maziwa, ndiyo ikapoa.

Mimi: Shambani ulikuwa unafanya nini?

Injinia: Napulizia dawa tu.

Raia: Aa, kupulizia tu. Basi ni mnara.

Tukaitikia wote kwa vichwa, na mimi nimo. Ndivyo tulivyo, jambo likija na kutukalia mapajani tunalisogeza tuone vizuri lililo mbali.

Hakimu: Unaweka vifuniko vingapi kwenye bomba?

Injinia: Vitatu.

Raia: Kibandiko cha chupa kinasema kimoja.

Injinia: Kibandiko kimeandikwa na mtu asiyewajua wadudu wa Kumsenga. Hawa ni sugu.

Hakimu: Haba na haba hujaza kibaba. Mimi naweka vinne.

Hapo ndipo alipotokea Mwalimu Ghati, mgeni kutoka Tarime aliyehamishiwa shule ya sekondari mwezi uliotangulia. Alikuwa kajifunga mtandio mpaka masikioni, mkononi ana chupa ya chai anataka nimjazie kahawa akasahihishe madaftari.

Ghati: Shikamooni.

Wote: Marahaba.

Hakimu: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kaa utununulie.

Ghati: Mzee, hiyo methali nadhani huwa inaelekea upande mwingine. Na hawa nyuki wamefanya nini?

Raia: Wako mahakamani.

Akasogea, akaokota mmoja kwa kucha mbili, akamtazama kwa huruma.

Ghati: Mimi nafundisha historia, nyuki namjua akishakuwa asali. Naomba kuuliza. Hivi huwa wanakwenda kwenye maua saa ngapi?

Anatoli: Asubuhi, umande ukikauka.

Ghati: Na nyie hiyo dawa mnapulizia saa ngapi?

Raia: Asubuhi, umande ukikauka.

Aliyejibu ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Kikombe kilimsimamia njiani.

Ghati: Sasa kwa nini msipulizie jioni, wakiwa wamesharudi kwao?

Hakimu alikohoa bila kikohozi, Injinia akageuza viganja vyake akavitazama. Jibu wote tulilijua, tena lilikuwa linachemka mbele yetu. Jioni ni kahawa. Na benchi letu lina sheria ya kwanza, aliyoitunga Hakimu mwenyewe na sote tukaipigia makofi: harufu ya dawa haikai na kahawa. Mtu akija ananuka dawa atakunywa amesimama kule kwenye pumba za mashine. Kwa hiyo kila mwenye shamba bondeni anapulizia asubuhi maua yakiwa wazi, mchana anaoga kwa sabuni, anabadili shati, jioni anakuja hapa ananukia kama bwana harusi. Tulilinda kahawa isiingie harufu. Maua hatukuyafikiria hata kidogo.

Raia: Anatoli. Mizinga yako si iko palepale juu ya mashamba yetu?

Anatoli: Ipo palepale.

Raia: Na hukujua?

Anatoli alizungusha kikombe mkononi. Huwa hajibu mambo mengi, nikadhani na hili ataliacha lipite.

Anatoli: Nilijua.

Hakimu: Ulijua tangu lini?

Anatoli: Tangu mzinga wa kwanza. Nilikuwa nimesimama kwenye tuta. Nikamwona Raia na bomba mgongoni, na nyuki wangu kwenye ua lilelile analopulizia.

Injinia: Mzee, acha masihara! Yaani umekaa hapa siku zote unatusikiliza minara, mabasi, migomo, na jibu unalo?

Anatoli: Mlikuwa mnaongea vizuri.

Raia: Ungesema, sha! Mimi ningekukatalia? Tungepulizia jioni!

Anatoli: Ndiyo. Mngepulizia jioni, nyote. Na mimi jioni ningekaa na nani?

Nilitaka kumkumbatia na kumtukana kwa wakati mmoja. Mtu ameacha mizinga minne ife, mmoja baada ya mwingine, ili asitupoteze sisi, watu wenyewe ndio hawa, wanaoshindana kuzidisha sumu na kusingizia minara! Raia alifunika uso kwa kofia yake. Hakimu alifumbua mdomo, akautafuta msemo wa wahenga, akaukosa, akaufumba. Mwalimu Ghati aliomba radhi kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

Mimi: Haya, sikilizeni. Benchi ni la umma, ila kahawa ni yangu. Kuanzia kesho nachemsha alfajiri, nikitoka msikitini. Jioni kila mtu bondeni na bomba lake.

Hakimu: Alfajiri mimi nimelala! Nimestaafu ili nilale!

Mimi: Utalala jioni.

Hakimu: Jioni si umesema nipulizie?

Mimi: Basi usilale.

Ghati: Asubuhi mimi napita hapa kwenda shule. Itanifaa zaidi.

Anatoli: Na kifuniko kiwe kimoja.

Raia: Ego, ndiyo. Kimoja.

Hakimu: Viwili.

Wote: Kimoja!

Injinia: Na mimi nanunua glovu. Simu za watu zitaniangukia.

Hivyo ndivyo tulivyogeuka kuwa watu wa alfajiri. Msiombe. Baridi ya Kumsenga saa hizo inang'ata mpaka ndani ya meno. Raia alikuja na masweta mawili, Hakimu na blanketi la kitandani, na wiki ya kwanza nzima walinilaani mimi badala ya kunisalimia. Lakini walikuja. Jioni nilikaa peke yangu mlangoni kwangu, nasikia mabomba yanavyopuliza bondeni, chwii, chwii, na nyuki wakiwa wameshaingia kwao. Anatoli naye hakukosa asubuhi hata moja. Anakunywa, anatabasamu, anashika njia ya mizinga. Kama anabaki au anakwenda hakusema, na sisi, waropokaji wakubwa, tuliogopa kumuuliza.

Mwisho wa mwezi ukafika. Alfajiri hiyo tulikuwepo wote isipokuwa yeye. Tuliona gari dogo la mizigo tusilolijua linapita, linapandisha njia ya kwake. Kahawa nilimimina, ikapoa, nikaimwaga, nikamimina nyingine. Injinia hakuwa na mnara, Hakimu hakuwa na kesi. Kitambulisho kilibaki mfukoni.

Raia: Amekwenda.

Hakimu: Angetuaga.

Raia: Ataaga vipi? Yule si hasemi?

Jua lilikuwa limeshapanda, Mwalimu Ghati ameshapita na chupa yake, ndipo tukamwona mtu anateremka kwa miguu. Koti lilikuwa la Anatoli, uso hatukuujua. Jicho moja limefumba kabisa, mdomo wa juu umevimba umelala juu ya wa chini.

Hakimu: Mungu wangu! Shemeji kakupiga?

Anatoli: Nimeumwa.

Injinia: Na nini?

Alijaribu kucheka, mdomo ukamkatalia, akacheka kwa mabega.

Anatoli: Mzinga wa tatu. Tuliunyanyua tukijua mtupu, tuupakie. Kumbe kundi limehamia humo jana tu, limejaa mpaka mlangoni! Shemeji amekimbilia ndani ya gari, akapandisha vioo.

Raia alipiga kelele mpaka mwenye mashine akatoka nje. Hakimu alilirusha blanketi chini, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie. Anatoli alikuta nafasi yake kwenye benchi iko wazi, akakaa, akanyoosha kikombe.

Anatoli: Mimina, Mudathiri. Gari la shemeji limerudi tupu.