Kengele ya Pampu

Treni ya Kaliua ilikuwa imekwisha kuiacha Tabora. Batuli, kikapu mapajani, akamsikia Twalibu, fundi wa maji, akimweleza Mzee Popatlal, mwenye duka mtaa wa Kanyenye, habari za pampu mbili alizofunga katika kijiji kimoja cha ujamaa. "Ya kwanza ikizimika, ya pili inajiwasha yenyewe, mzee. Maji hayakatiki, hata mtu hajui."

"Wasipojua kama moja imekufa, mwanangu, nani atakuita?"

"Niliweka kengele ya kuwaambia."

"Ikalia?"

"Sina habari. Nimeletewa ujumbe tu kwamba zote mbili zimekufa."

Mzee akashikilia kwamba mtambo wa namna hiyo unawabembeleza watu walale. Fundi akashikilia kwamba watu wenyewe hawapendi kuamshwa. Batuli akageukia dirishani. Hicho kilikuwa kijiji chake. Kengele iliwapigia kelele wiki nzima, na maji yanatoka. Kamati ikaing'oa, ikaitundika shuleni iwe ya kugongwa, naye akapiga vigelegele pamoja na wenzake.

Walikuwa bado wanabishana treni iliposimama kwenye kituo cha kijiji hicho. Akina mama walijipanga kando ya reli na ndoo tupu, wakingoja kumwomba dereva maji ya injini ya mvuke. Kule shuleni, kengele ile ikagongwa.