Mzee Utepe na Nyumba Iliyochukuliwa na Msufi

Mji mzima ulimwita Mzee Utepe, na wengi wenu leo ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba alikuwa na jina jingine. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga. Baba alipasua mbao, mtoto akakua akiihurumia miti, na ugomvi huo haukuisha mpaka baba alipozikwa. Hata siku hiyo mtoto huyo, ambaye leo ndiye marehemu wetu, aliligonga jeneza la baba kwa kidole, akanong'ona, "Mti huu ulikatwa mbichi."

Shuleni hakuwa mjinga, ila macho yake yalikaa dirishani. Mwalimu wa hesabu alimwadhibu kwa kumtoa nje, bila kujua kwamba huko nje ndiko alikokuwa akitamani kwenda tangu asubuhi. Hesabu alizijulia huko huko, akipima vigogo kwa shubiri. Mwaka 1974 alipata cheti cha chuo cha misitu.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na halmashauri kuwa afisa miti. Idara yake ilikuwa na mtu mmoja, ambaye alikuwa mkuu, msaidizi na mfagizi. Ofisi ilikuwa chini ya ngazi, kwa hiyo kila diwani aliyepanda kwenda kikaoni alimpitia juu ya kichwa. Kazi yake ilikuwa kuipima miti mikubwa kila mwaka na kuigongea kibati. Mti wenye kibati haukatwi bila ruhusa ya kamati ya mipango miji. Shida ni kwamba kigogo kinene hakipimwi na mtu mmoja. Lazima mmoja ashike ncha ya utepe, mwingine azunguke. Halmashauri haikuona haja ya huyo mwingine. Basi marehemu akawa anasimamisha wapita njia: "Samahani, nishikie hapa." Wengi walidhani ni tapeli wakaongeza mwendo.

Ambaye hakuongeza mwendo alikuwa muuguzi aliyetoka zamu, kwenye kiwanja kilichokuwa wazi nyuma ya soko, penye msufi. Alishika ncha, akauliza, "Nishike mpaka lini?"

"Mpaka nizunguke."

Msufi ule ni mpana. Alipotokea upande wa pili, muuguzi akamwambia, "Nilidhani umeshanitoroka."

Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982. Watoto hawakujaliwa. Kila mwaka waliurudia msufi, mke ameshika na kuuliza vile vile mpaka lini, mume anazunguka. Walipanga chumba kwa mwenye nyumba aliyehesabu ndoo za maji na aliyejua kila mgeni wao alikaa mpaka saa ngapi. Mkewe hakuwa mtu wa makuu. Alitaka kitu kimoja tu, mlango wa kwake wa kufunga. Wakaomba nyumba ya halmashauri, wakangoja.

Mwaka 1996 halmashauri iliamua kujenga nyumba za gharama nafuu, na kwenye orodha ya watakaopewa wao walikuwa wa mwisho kabisa, lakini walikuwamo. Kiwanja kilichochaguliwa kilikuwa kile cha nyuma ya soko. Mchoro ulipita juu ya msufi.

Mkandarasi alimfuata chini ya ngazi, akafunga mlango nyuma yake kwa heshima zote. "Mzee, andika tu kwamba una ugonjwa. Mti, sio wewe. Kibati kitoke, sote tupate nyumba."

Kamati ilikuja kuukagua mti kwa magari mengi kuliko wajumbe. Diwani mmoja aliuzunguka, akauliza, "Hivi huu mti unalipa kodi?"

Marehemu akamjibu, "Haulipi, mheshimiwa. Ila na posho hauchukui."

Aliyecheka ni dereva peke yake, naye aligeukia pembeni.

Kisha akatoa ushauri wake kama afisa: mti ni mzima, ubaki, jengo lisogezwe. Mhandisi akakuna kichwa, akasogeza mchoro, akasema inawezekana ila pembe moja lazima ikatwe na nyumba moja ipotee. Mwenyekiti akauliza, "Sasa nani atabaki nje?"

"Mimi," alisema marehemu, akasaini.

Jioni alimkuta mkewe anapiga pasi sare ya kazini. Akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Mkewe alimaliza mkono mmoja wa sare, akaugeuza wa pili, akaumaliza pia. Ndipo akasema, "Mti umepata nyumba. Sisi tumepata kivuli."

Hakulitaja tena jambo lile. Mwaka uliofuata alikwenda kumshikia utepe kama kawaida, ila hakuuliza tena mpaka lini. Marehemu hakujua kama ule ulikuwa msamaha au uchovu, na alichelewa kuuliza. Mkewe alifariki tarehe 2 Juni 2003, katika chumba kile kile cha kupanga. Mwenye nyumba alihesabu hata ndoo za waombolezaji. Awamu ya pili ya nyumba za halmashauri ilikuwa bado inajadiliwa. Inajadiliwa mpaka leo.

Tangu hapo marehemu alipima peke yake. Alitundika ncha ya utepe kwenye mwiba wa msufi, akazunguka polepole, huku wakazi wa zile nyumba zilizosogezwa wakimwangalia madirishani. Fundi cherehani wa nyumba ya chini, ambaye kila msimu alimlalamikia kuhusu sufi zinazoziba mashine yake, siku moja alitoka nje, akamwambia, "Leta nikushikie, baba."

"Hapana, mwanangu. Hapo pana mwenyewe."

Fundi akatazama. Palikuwa na mwiba.

Alistaafu mwaka 2011, lakini kupima hakustaafu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa mara kadhaa, na kila mara aliomba kitanda cha dirishani. Neno lake la mwisho kwa mdogo wake wa kike lilikuwa, "Msufi mwaka huu haujapimwa." Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Septemba.

Siku iliyofuata mdogo wake alikwenda na ule utepe mkuukuu, uliokatika ncha. Fundi cherehani alimwona dirishani, akaacha nguo ya mteja mashineni, akaja kuzunguka. Utepe haukufika, msufi umenenepa. Afisa miti mpya alikuwa akipita. "Andikeni haukufika," akawashauri, "inatosha." Wale wawili wakanyoosha mikono mpaka vidole vikashikana, utepe umebanwa katikati.

"Nishike mpaka lini?" aliuliza mdogo wake, maana hadithi ile aliisikia kila sikukuu.

Fundi, ambaye hakuwahi kuisikia, akajibu, "Usiachie kwanza."

Marehemu ameacha mdogo wake huyo, shemeji, wapwa watatu, na msufi mmoja wenye kibati. Leo tunamlaza ubavuni mwa mkewe, mahali pasipo na mwenye nyumba wala wa kuhesabu ndoo. Alale salama, na mkewe amsogezee nafasi.